Hatua Ambayo Fundi Hakuiandika

Kutoka korido ya ghorofa ya nne hadi mlango wa kuba kuna ngazi ishirini na sita za chuma, na fundi wa kuba anazijua kwa sauti. Ya tisa inalia. Ya kumi na saba ina nati iliyolegea. Ameikaza mara nyingi, nayo imelegea mara nyingi vilevile. Akiwa ndani ameupa mlango mgongo, anaweza kukuambia anayepanda ni mgeni au mwenyeji, kwa sababu wenyeji huiruka ya tisa.

Ndani ni chumba cha mviringo, upana wake hatua nane za mtu mzima. Katikati imesimama nguzo ya zege ambayo haigusani na sakafu, ili nyayo za watu zisiitikise darubini iliyo juu yake. Darubini yenyewe ni bomba jeupe nene kama pipa la maji. Ubavuni mwake imefungwa nyingine ndogo, ndefu kidogo kuliko kiganja, ya kulengea. Wanafunzi huiita Kadogo. Paa ni nusu duara la bati, lina mlango mrefu unaofunguliwa kwa kamba na kapi, nalo huzunguka juu ya beringi kumi na mbili. Kila Jumatatu asubuhi fundi huzipaka grisi hizo beringi, na kwa kuwa grisi haitoki kwenye nguo hata ufue kwa sabuni gani, wanafunzi walimwita Mzee Grisi. Jina likashuka ngazi, likafika mapokezi, likafika hata kwenye orodha ya likizo iliyobandikwa ofisi ya utumishi.

Ana miaka hamsini na tisa. Ni mwembamba, mwenye vidole vinene visivyolingana na mikono yake, na miwani yake ya kusomea huning'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Aliajiriwa chuoni kama fundi bomba. Miaka ishirini na nne iliyopita alitumwa juu ya paa kuziba bati lililokuwa linavuja, akakuta kuba limekwama, haligeuki. Akatumia siku tatu kulikwamua. Siku ya nne akapanda tena bila kutumwa.

“Nilitaka kuona kama limekaa sawa,” anasema.

Hakusomea nyota. Alichojua alikiokota kwa wahadhiri waliopita pale, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anavyojifunza wimbo wa jirani. Wanafunzi walimpenda kwa sababu hakuwahi kuwafanya wajione wajinga.

“Mzee Grisi, Zuhura yupo leo?”

“Yupo, ila anajipamba. Subirini hilo wingu lipite.”

“Na Mshtarii?”

“Huyo mkubwa wa watu haji kabla ya saa mbili. Mkiwa na haraka, kaangalieni taa za barabarani.”

Lakini kazi aliyoipenda zaidi ilikuwa ya mchana. Mara nne au tano kwa mwaka, wanafunzi wa mwaka wa kwanza hupanda kuliangalia jua na kuchora madoa yake. Kwa kazi hiyo, mdomo wa darubini kubwa huvalishwa chujio jeusi linalobaniwa kwa klipu tatu. Kulenga kwake hakuhitaji Kadogo. Unaliangalia bomba linavyotupa kivuli sakafuni. Unalisogeza taratibu mpaka kivuli kiwe kifupi kuliko vyote kinavyoweza kuwa. Hapo darubini inalitazama jua uso kwa uso, nawe hujalitazama kabisa.

Na Kadogo? Kadogo hana chujio. Kifuniko chake kilipotea kabla fundi huyu hajaja. Mwaka wake wa kwanza juu ya paa, siku moja ya jua, Mzee Grisi aliinama kuokota bisibisi akasikia harufu ya kitu kinachoungua. Ilikuwa bega la shati lake. Kadogo alikuwa ametema mwanga mahali pamoja, padogo kama punje ya mtama, na shati lilikuwa linafuka moshi. Tangu siku hiyo, kila siku ya jua, kabla mtu yeyote hajapanda, alilegeza skrubu mbili zinazofunguliwa kwa vidole, akamtoa Kadogo, akamfunga kwenye kitambaa na kumtia mfukoni mwa koti. Jioni alimrudisha. Hakuomba kununuliwa kifuniko kingine, maana hakukihitaji. Wahadhiri waliokuja baadaye waliikuta darubini siku za jua haina kitu ubavuni, wakadhani ndivyo ilivyo.

Miaka miwili iliyopita, mhadhiri anayesimamia kuba alimwomba aandike hatua za kazi. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole, bingwa wa hesabu za nyota kwenye kompyuta, na mwenyewe hukiri kwamba mikono yake haifai hata kubadilisha balbu. Agizo lilitoka juu: kila fundi wa kila maabara aandike anachokifanya, hatua kwa hatua, karatasi ibandikwe mlangoni.

Wakati huo fundi wa maabara ya kemia, rafiki yake wa kunywa naye chai ya saa nne, alikuwa ameshaandika za kwake. Aliziandika vizuri, kurasa tisa, akazitia kwenye jalada la plastiki. Baada ya miezi miwili mkataba wake ulipoisha haukufanywa upya. Kampuni ya nje ikaleta kijana mwenye sare, akalifungua lile jalada ukurasa wa kwanza, akaanza kazi.

Ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Mzee Grisi alikaa mezani kwake wiki mbili bila kuandika neno. Mhadhiri alimkumbusha mara tatu, mara ya tatu kwa kumletea kalamu. Ndipo akaandika, na binti yake akamchapia. Hatua zilikuwa kumi na moja: kufungua mlango wa paa, kukagua kamba, kubana chujio na kusikiliza kila klipu ilie, kulenga kwa kivuli, na kadhalika mpaka kufunga na kufuli. Yote yalikuwa kweli, na kila moja ilikuwa mahali pake.

Skrubu mbili hazikuwamo.

Halikuwa suala la kupitiwa. Binti yake alipomaliza kuchapa alimuuliza, “Ndiyo zote, baba?” akajibu ndiyo. Alikuwa amefanya hesabu zake. Hatua nyingine zote watu walikuwa wamemwona akizifanya; asingeweza kuzificha. Hii moja hakuna aliyewahi kuiona. Akajiambia kwamba siku wakileta kijana mwenye sare, kazi itakwama mahali, watamtafuta fundi wa zamani, na ataingia tena kwa mlango wa mbele. Fundi hutoa kazi, hatoi mkono wake. Alifurahi hata kidogo, kama mpishi aliyetoa mapishi yake yote akabakiza kiungo kimoja.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo fundi tu angeweza kulifanya. Alidhani kila hatua ikiachwa, kazi hukwama. Hatua hii ikiachwa hakuna kinachokwama. Kila kitu huenda vizuri.

Mwaka jana, mwezi wa tisa, dada yake mkubwa alifariki. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipoondoka duniani, akamsomesha ufundi kwa kufua nguo za watu. Mzee Grisi aliomba ruhusa ya siku tano, akapewa kwa maandishi. Alhamisi ya wiki hiyo ilikuwa siku ya jua kwenye ratiba ya mwaka wa kwanza, naye aliijua.

Saa tatu na nusu asubuhi ya Alhamisi, akiwa amesimama kando ya kaburi lililokuwa bado linachimbwa, simu yake ilitetemeka. Alikuwa mhadhiri.

“Mzee Grisi, pole sana na msiba. Nisamehe kukusumbua siku kama hii.”

“Nimeshapoa, Mwalimu. Sema.”

“Chujio la jua silioni.”

“Kabati la chini, sanduku la bluu. Klipu tatu, Mwalimu. Zote zilie.”

“Sawa. Kuna jingine?”

“Mengine yote yako kwenye karatasi.”

Simu ilidumu chini ya dakika moja. Leo anaweza kuirudia neno kwa neno, pamoja na sauti ya sepeto iliyokuwa ikigonga jiwe nyuma yake.

“Siwezi kusema nilisahau,” anasema. “Ile kitu ilikuwa imekaa ndani yangu kama siri. Siri mtu haisahau, lakini pia haitoki yenyewe.”

Juu ya paa, mhadhiri aliisoma karatasi ya mlangoni kwa sauti, hatua moja moja, akizifuata kwa kidole. Hakuruka hata moja. Klipu zililia zote tatu. Kivuli kilifupishwa mpaka kikawa duara. Mwanafunzi wa kwanza akaweka jicho, akapiga ukelele kwamba jua lina chunusi, wenzake wakacheka. Mhadhiri akageukia ubao kuwaonyesha namna ya kuzichora hizo chunusi.

Wa tatu kwenye foleni alikuwa msichana wa fizikia ambaye wenzake walimwita Ngongoti kwa urefu wake. Jina alikuwa amelizoea tangu shule ya msingi. Akiulizwa hali ya hewa huko juu ikoje, alijibu kuna baridi lakini majirani ni wachache. Wengine pale kubani walihitaji kigoda ili kumfikia Kadogo. Yeye hakukihitaji. Kadogo alikuwa usawa wa uso wake, analitazama jua uso kwa uso sawasawa na bomba kubwa alilofungwa ubavuni mwake, na foleni ilikuwa haijasogea. Aliinama kidogo, akachungulia kwa jicho la kulia.

Waliosimama karibu walisema haikufika hesabu ya mbili. Alisema “Aa,” kama mtu aliyefungua mlango usio wake, akarudi nyuma, akacheka. Hakuumia popote. Jicho kwa ndani halina maumivu ya kuungua. Zamu yake ilipofika alitazama kwenye darubini kubwa, akasema yeye chunusi hazioni, labda jua limenawa. Jioni, akisoma, aligundua kwamba katikati ya kila neno pana tundu.

Mzee Grisi alirudi kazini Jumatatu. Msafishaji wa korido alimpa pole ya dada, kisha akamwambia, “Na huku nako hakukupoa, mzee. Kuna binti kaungua jicho huko juu kwako.” Alipanda ngazi. Kadogo alikuwa ubavuni mwa bomba, skrubu zake zimekazwa kwa nguvu ileile aliyozikaza yeye mwenyewe wiki moja kabla. Alikaa kwenye kigoda. Siku hiyo beringi hazikupakwa grisi.

Kamati ya watu watano ilikaa ghorofa ya chini. Yeye aliitwa kwa dakika kumi. Ulikuwa na ruhusa? Nilikuwa nayo. Maelekezo yalikuwa yamebandikwa? Yalikuwa. Ulipigiwa simu ukiwa msibani, na ukapokea? Nilipokea. Mwenyekiti alimshukuru kwa moyo wake wa kazi, akampa pole, akamwambia anaweza kwenda. Hakuna aliyemuuliza kama maelekezo yalikuwa kamili, maana karatasi ilikuwa mbele yao, imechapwa vizuri, na ina namba.

Lawama zilimwangukia mhadhiri. Alikuwa na shahada tatu, walisema. Alipaswa kuiona darubini ndogo na kujua hatari yake. Alipewa barua ya onyo, akazuiwa kuwapandisha wanafunzi kubani kwa mwaka mzima. Hakubisha. Alisema ni kweli, alipaswa kuiona.

Nyumbani, mke wa fundi ni mshonaji wa sare za shule. Cherehani yake iko sebuleni, chini ya dirisha, na mengi ya nyumba hiyo huzungumzwa ikiwa inakwenda. Usiku wa siku ya kamati aliisimamisha.

“Umekula vijiko vitatu. Nimehesabu.”

“Sina njaa.”

“Dada umeshamzika, Mungu amlaze pema. Hii njaa iliyokukimbia si ya dada.”

Akamweleza. Alimweleza yote, karatasi, simu na skrubu. Mkewe alisikiliza akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja na kuzichomeka kwenye kitambaa.

“Umemwambia nani mwingine?”

“Wewe.”

“Mimi si kamati.”

“Nikisema sasa, jicho litarudi?”

“Sijui la jicho. Mficha maradhi, baba watoto...”

“Mwisho wake naujua.”

“Kama unaujua, mbona unaufuata?”

Daktari wa macho alikuwa amesema wasubiri miezi sita. Wakati mwingine sehemu iliyoungua hujirudi kidogo kidogo, wakati mwingine hairudi, na hakuna dawa ya kuiharakisha. Mzee Grisi aliishika hiyo miezi sita kama mtu anavyoshika kamba. Jicho likipona, kutakuwa hakuna kilichotokea, na siri itabaki siri isiyo na mwenye kuumizwa nayo. Lisipopona, atasema. Hayo alimwahidi mkewe, na mkewe akakanyaga cherehani.

Kila Jumatatu alipita ofisini kwa mhadhiri.

“Binti anaendeleaje, Mwalimu?”

Baada ya miezi miwili, tundu lilikuwa limepungua. Alipanda ngazi siku hiyo akiziruka mbili mbili, mtu wa miaka hamsini na minane. Baada ya mitatu lilikuwa vilevile. Baada ya minne vilevile. Kwenye korido alimwona Ngongoti mara kadhaa, akishuka ngazi kwa mkono mmoja ukutani. Jicho moja likipotewa na katikati yake, mtu hupotewa na kina. Ngazi ya chini huja mapema kuliko alivyotarajia, au huchelewa. Wenzake walikuwa wameanza kumtania tena, jambo ambalo yeye alilitaka.

“Ngongoti, huku chini bado tupo!”

“Nawaona masikio tu. Nyuso zenu zimenikimbia, na sidai.”

Walicheka. Ilikuwa kweli kabisa. Akifumba jicho la kushoto na kukutazama usoni, uso haupo, masikio yapo.

Mwezi wa tatu mwaka huu, mhadhiri alipanda mwenyewe hadi mlango wa kuba. Aliikanyaga ngazi ya tisa, ikalia.

“Jana binti alikwenda hospitali,” alisema. “Daktari anasema pale tundu lilipofika ndipo litakapobaki.”

“Halitasogea?”

“Halitasogea, Mzee Grisi. Nami nakuomba usiniulize tena kila Jumatatu. Nashindwa kukujibu.”

Ngongoti anakaa kwa mama yake mdogo, msusi, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya useremala. Fundi alikwenda Jumamosi alasiri, amevaa shati lisilo na grisi. Mama mdogo alikuwa barazani na kichwa cha mteja mapajani, nusu kimesukwa, nusu kimesimama.

“Karibu, baba. Ni wa chuoni? Pita ndani, yupo. Usishangae fujo.”

Msichana alimkaribisha kiti, akamletea chai. Alipomimina aliegemeza mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe kabla ya kuinamisha, kama wafanyavyo watu wanaomimina gizani. Hakumwaga hata tone. Fundi aliangalia mikono yake mpaka ilipomaliza.

“Nimekuja kukwambia jambo, mwanangu. Nikishasema, useme unalotaka.”

“Sema, mzee.”

“Ile darubini ndogo. Siku za jua mimi huwa naitoa. Miaka yote. Nilikuwa najua inachoma. Nilipoandika karatasi ya mlangoni, hiyo sikuiandika.”

“Ulisahau?”

“Sikusahau.”

Barazani mazungumzo ya mama mdogo na mteja wake yalikatika.

“Kwa nini?”

“Niliogopa kazi yangu. Niliona nikiandika yote, hawatanihitaji.”

Ngongoti hakulia wala hakupaza sauti. Aliuliza kama mwanafunzi wa fizikia.

“Imefungwa na nini?”

“Skrubu.”

“Ngapi?”

“Mbili.”

“Kwa bisibisi?”

“Kwa vidole tu.”

“Inachukua muda gani kuitoa?”

Alitamani awe na jibu jingine. “Dakika moja. Ukiwa mzoefu, haifiki.”

“Na kuiandika?”

“Mstari mmoja.”

Msichana alitikisa kichwa taratibu, kama aliyepata jumla yake ikalingana na alivyodhani.

“Mwalimu anajua?”

“Bado.”

“Kamwambie. Yule anadhani ni yeye. Ananipigia simu kila wiki kuniomba msamaha, na mimi nimechoka kumsamehe mtu asiye na kosa.”

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, kitana mkononi. “Baba,” alisema, sauti ya chini kabisa, “chai umeshakunywa?”

Hakuwa ameigusa. Alielewa, akainuka, akaaga. 

Jumatatu alimwambia mhadhiri. Mhadhiri alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

“Mara tatu nilikukumbusha ile karatasi,” alisema. “Ungeniambia tu kwamba unaogopa. Mimi ningeandika barua. Ningesimama na wewe.”

“Nilikuwa sijui hilo, Mwalimu.”

“Ungeniuliza.”

Yote mawili yalikuwa kweli. Tangu siku hiyo wanasalimiana kwa adabu, na kazi inakwenda, lakini mhadhiri hakai tena kwenye kigoda jioni kuzungumza habari za nyota zinazobadilisha mwanga.

Fundi aliandika barua kwa kamati. Aliiandika kwa mkono, kurasa mbili, akataja skrubu, karatasi na simu, akaomba onyo la mhadhiri lifutwe na yeye achukuliwe hatua inayostahili. Jibu lilichukua wiki tano. Lilikuwa na mistari miwili: suala hilo lilishafungwa, na kamati inamshukuru kwa ushirikiano wake. Mwezi uliofuata mkataba wake ulifanywa upya kwa miaka mitatu. Kazi aliyoilinda anayo.

“Walau wangenifokea,” alimwambia mkewe.

“Unataka na wao wakubebee?” mkewe alimjibu.

Siku za jua zimefutwa kwenye ratiba. Kadogo ametiwa kifuniko kipya cha chuma, kimefungwa kwa mnyororo, na ufunguo uko ofisi ya usalama, kwa mtu ambaye hajawahi kupanda ngazi ishirini na sita. Jioni zilizo wazi wanafunzi bado huja. Ngongoti haji. Amebaki kwenye fizikia. Hufanyia kazi picha za nyota kwenye kompyuta, maabara ya ghorofa ya tatu, Jumanne na Alhamisi, na wanaomfundisha wanasema hesabu zake ni safi.

Alhamisi moja walikutana kwenye kona ya ngazi, yeye anapanda na vitabu, fundi anashuka na kopo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile. Ngongoti alisimama, akageuza kichwa kidogo ili amwone kwa jicho zima.

“Shikamoo, mzee.”

Neno la kujibu ni moja, na kila mtu mzima hulisema mara ishirini kwa siku bila kulifikiria. Mdomo wake ulifunguka. Marahaba ni kukiri kwamba umepewa heshima, nawe umeipokea. Halikutoka. Alisimama na kopo lake, msichana akasubiri kadiri mtu anavyosubiri, kisha akapanda.

“Mtoto wa watu kakusalimu ukamnyamazia?” mkewe alisema usiku ule. “Hapo umemwadhibu nani?”

“Siwezi kuipokea.”

“Basi usiisubiri ikufikie. Mwahi wewe.”

Ndivyo afanyavyo. Jumanne na Alhamisi, saa nne kasoro, hujipatia shughuli karibu na kona ile, nati ya kukaza, taa ya kuangalia. Anapousikia mkono ukipapasa ukuta, husema haraka kabla mwenzake hajafungua mdomo: “Hujambo, mama?”

“Sijambo,” Ngongoti hujibu, na kupanda zake.